Oili ya Injini za Trekta na Malori: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wenye trekta, madereva wa malori, wasimamizi wa magari na mafundi wanaoanza kazi. Yote yanahusu injini za dizeli.

Nianzie wapi ninapochagua oili?

Anza na kitabu cha mashine. Kitabu hutaja mambo matatu: daraja la ubora, kwa mfano API CI-4, uzito, kwa mfano 15W-40, na muda wa kubadilisha. Mambo hayo hayatenganishwi. Wengi wanakariri uzito peke yake, wanaingia dukani na kuomba “fiftini foti”, na wanatoka bila kuuliza lililo kubwa zaidi. Madumu mawili yenye maandishi 15W-40 yanaweza kubeba oili zilizotengenezwa kwa injini za vizazi tofauti kabisa. Uzito unaeleza namna oili inavyotiririka. Daraja ndilo linaloeleza kazi ambayo oili ile imepimwa na kuthibitishwa kuiweza.

Kitabu kikipotea, soma kibati cha injini, andika aina na namba yake, kisha mtafute mtengenezaji au wakala wake. Wengi wana vitabu vya mashine zao kwenye intaneti. Usikubali kujibiwa kwa rangi ya trekta. Kampuni moja inaweza kufunga injini za aina nyingi tofauti chini ya boneti za rangi ileile.

Namba za 15W-40 zina maana gani?

Zinatoka kwenye kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi, yaani oili inavyojiendesha injini inapowashwa ikiwa imepoa. Oili ya 15W hupimwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kuona kama injini itazunguka, na kwa nyuzi 25 chini ya sifuri kuona kama pampu itaivuta. 10W hupimwa nyuzi tano chini zaidi ya hapo, na 5W hushuka nyuzi tano nyingine.

Namba ya pili inahusu injini iliyopata moto. Kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya 40 lazima iwe kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa oili inapotiririka) 12.5 na 16.3, ya 30 huanzia 9.3 na kuishia 12.5, ya 50 huanzia 16.3 na kuishia 21.9. Kwa hiyo 5W-40 na 15W-40 zote ziko kwenye kundi moja injini ikishachemka. Tofauti yao huonekana wakati wa kuwasha.

Mahali pasipofikiwa na baridi kali, 15W-40 inatosha kwa injini nyingi. Penye theluji, kitabu kitakushusha hadi 10W-40 au 5W-40. SAE 40 tupu, isiyo na W, huwa nzito sana asubuhi na huchelewa kufika kwenye beringi na turbo. Itumie pale tu mtengenezaji anapoitaja.

CH-4, CI-4, CJ-4, CK-4: nichukue ipi?

Herufi C ni ya injini za dizeli katika mpangilio wa API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Herufi ya pili husonga mbele kila daraja jipya linapotoka, na 4 inahusu injini za mipigo minne. CH-4 ilitoka mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006 na CK-4 mwishoni mwa 2016. CF-4 na CG-4, ambazo bado zinaonekana kwenye madumu ya bei nafuu, ni za miaka ya 1990, na API yenyewe imekwisha kuziondoa kwenye matumizi.

CI-4 iliundwa kwa ajili ya injini zinazorudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupunguza uchafuzi. Mfumo huo huongeza masizi na asidi kwenye oili, kwa hiyo CI-4 ilipewa nguvu zaidi ya kuvihimili. CJ-4 ilikuja na vichujio vya masizi kwenye ekzosi, na hapo likaingia sharti jipya: majivu yasizidi asilimia 1.0. Sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Masizi yaliyonaswa na kichujio huchomwa kwa joto yakaisha. Majivu yanatokana na madini yaliyomo kwenye viambato vya oili yenyewe, nayo hayaungui. Yanabaki humo, yanajaa polepole, mpaka kichujio kifunguliwe na kusafishwa. Ukitia oili yenye majivu mengi kwenye lori lenye kichujio, injini itaendelea kunguruma vizuri na hutaona kosa kwa muda mrefu. Gharama itakuja baadaye, na kichujio hicho ni miongoni mwa vifaa ghali kabisa kwenye lori.

CK-4 ilibaki na masharti ya majivu na ikaongeza uwezo wa kustahimili joto, kuzuia mapovu, na kutolegea kwa kusagwasagwa na gia na beringi.

Kwa hiyo: lori au trekta yenye kichujio cha masizi, chukua CJ-4 au CK-4, kadiri kitabu kinavyosema. Injini ya turbo isiyo na kichujio, CI-4 nzuri inafaa. Nisingetia chini ya CH-4 kwenye injini yoyote ya kazi inayokubali daraja hilo, hata ikiwa kitabu chake cha zamani kinaridhika na CF-4.

Je, CK-4 inafaa kwa trekta ya zamani?

Kwa utaratibu wa API, CK-4 inaweza kuchukua nafasi ya CJ-4, CI-4 na CH-4. Lakini kabla ya kuitia, uliza kuhusu dizeli unayotumia. Salfa iliyomo kwenye dizeli ikiungua huzaa asidi, na oili lazima iwe na akiba ya kuizima. Akiba hiyo hupimwa kwa namba inayoitwa TBN, ambayo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa.

CH-4 na CI-4 ziliundwa zikikubali dizeli yenye salfa hadi asilimia 0.5, yaani sehemu 5,000 kwa milioni. CJ-4 na CK-4 ziliundwa kwa dizeli isiyozidi sehemu 500, na zilikusudiwa hasa dizeli safi ya sehemu 15, ambayo ndiyo kiwango cha barabarani Marekani. Umoja wa Ulaya umekuwa kwenye sehemu 10 tangu 2009. Dizeli yako ikiwa chafu na injini haina kichujio cha masizi, CI-4 yenye TBN ya 10 au zaidi huwa chaguo bora kuliko CK-4, ingawa CK-4 ndiyo mpya na ndiyo ghali. Na muda wa kubadilisha uufupishe.

Tahadhari kwa wenye injini za zamani za dizeli za mipigo miwili, kama zile za Detroit Diesel: hizo kwa kawaida hutaka SAE 40 tupu yenye majivu kidogo. Maelezo yote ya 15W-40 hapa hayazihusu.

Na FA-4 je?

FA-4 ilitoka pamoja na CK-4, lakini ni nyepesi zaidi kwa makusudi, ili kupunguza matumizi ya dizeli kwenye baadhi ya injini mpya za malori. Haifai kwa injini iliyoagiza CK-4 au daraja la zamani, isipokuwa mtengenezaji awe ameandika kwamba anaikubali. Ukiona FA-4 kwenye dumu na kitabu chako hakiitaji, irudishe kwenye rafu.

Dumu limeandikwa pia E7, VDS-4, MB 228.3. Hivyo ni vitu gani?

Zinazoanza na E ni za ACEA, chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya. E4 na E7 ni kwa injini zisizodai majivu kidogo. E6 na E9, na baada yake E8 na E11 zilizokuja katika masahihisho ya 2022, ni za majivu yaliyopunguzwa. VDS ni ya Volvo, zile zinazoanza na MB 228 ni za Mercedes-Benz, LDF ni ya Scania, CES ni ya Cummins. Kitabu kikitaja mojawapo, tafuta namba hiyohiyo kamili. MB 228.3 na MB 228.31 zinafanana kwa jicho la haraka, lakini ya pili ndiyo ya injini zenye vichujio.

Soma pia maneno yanayoizunguka namba hiyo. “Imeidhinishwa” maana yake mtengenezaji wa injini ameipima na kuikubali. “Inafaa kwa” mara nyingi ni dai la muuza oili mwenyewe.

Naweza kutumia oili moja kwa injini, giaboksi na haidroliki ya trekta?

Hapa ndipo trekta inapoachana na lori, na ndipo hasara nyingi zinapotokea. Kwenye trekta nyingi, giaboksi, difu, haidroliki na breki hukaa kwenye nyumba moja na kugawana oili moja. Breki hizo ni diski zinazofanya kazi zikiwa zimelowa. Zinahitaji oili yenye msuguano uliopimwa: ikiteleza mno breki hazishiki, ikikosa viambato vyake breki zinapiga kelele na kutetemeka. Oili ya kawaida ya injini haina vipimo hivyo. Oili nzito ya difu la lori nayo haifai humo.

Zipo oili za aina mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya trekta. UTTO ni ya giaboksi, haidroliki na breki tu. Isitiwe kwenye injini kamwe. STOU imetengenezwa kuhudumia vyote, injini ikiwemo. STOU huwafaa wenye trekta za kawaida za zamani wanaotaka kuweka aina moja tu na kuepuka kukosea. Kwa trekta mpya yenye turbo ningeshikilia oili mbili tofauti, kwa sababu upande wa injini wa STOU nyingi uko kwenye daraja la zamani, chini ya lile ambalo injini hiyo inataka. Kifaa cha kumiminia cha injini kisitumike kwa haidroliki, na madumu yaandikwe kwa rangi isiyofutika.

Oili ya gari dogo la petroli inafaa?

Ikiwa ina daraja la S peke yake, kama SN, hapana. Haikuandaliwa kwa masizi ya dizeli. Nyingine hubeba madaraja yote mawili, kwa mfano CI-4/SL. Hizo angalia upande wa C kama unakidhi kitabu.

Injini yangu inakula oili. Nitie nzito zaidi?

Tafuta kwanza oili inakopitia. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha huelekeza kwenye mipira ya valvu. Moshi wa bluu injini inapobeba mzigo huelekeza kwenye ringi au turbo. Kagua pia sili za krankishafti na bomba la kupumulia injini. Kupanda kutoka 15W-40 hadi 20W-50 huruhusiwa na baadhi ya vitabu penye joto kali, na kunaweza kupunguza ulaji kidogo. Hakutengenezi ringi iliyokwisha. Na kwa injini mpya zenye nafasi finyu kwenye beringi, oili nzito kupita kiasi hupita kwa shida, hupoza kidogo na kuongeza matumizi ya dizeli.

Sintetiki au ya madini?

Daraja kwanza. Oili ya madini yenye CK-4 imepita majaribio yaleyale ya CK-4 ambayo sintetiki imepita. Sintetiki hushinda penye baridi kali, penye joto la turbo linalodumu, na pale mtengenezaji anaporuhusu muda mrefu zaidi kabla ya kubadilisha. Ukiinunua kisha ukaimwaga kwa muda uleule wa oili ya madini kwa sababu dizeli ni chafu au vumbi ni jingi, faida kubwa umeimwaga nayo.

Nibadilishe baada ya muda gani?

Trekta huhesabiwa kwa saa za injini, lori kwa kilomita. Trekta nyingi za zamani ziliandikiwa saa 250, na nyingi za sasa saa 500 zikitumia oili na filta zilizotajwa. Malori yana tofauti kubwa: yapo yanayobadilishwa kila kilomita 10,000 au 15,000, na yapo ya safari ndefu, kwa dizeli safi na oili maalumu, yanayofika 100,000. Namba ya lori la mwenzako isikuongoze.

Vitabu vingi vina safu mbili, ya kazi ya kawaida na ya kazi ngumu. Watu husoma ya kwanza kwa sababu inapendeza. Vumbi, mizigo mizito mlimani, dizeli yenye salfa, safari fupi ambazo injini haipati moto, na kusimama muda mrefu injini ikinguruma, vyote ni kazi ngumu. Kusimama huko kunasahaulika sana kwenye malori. Lori linalopakua mzigo kwa saa nyingi injini ikiwa hai linachosha oili, ilhali kilomita hazisogei. Gari la namna hiyo likiwa na mita ya saa, fuata saa.

Kuna pia kalenda. Hata trekta iliyofanya kazi kidogo ibadilishwe oili walau mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi kitabu kikitaka. Na kama mashine itaegeshwa kwa miezi kadhaa baada ya msimu, badilisha kabla ya kuegesha. Oili iliyotumika ina asidi na unyevu, na haifai kuachwa ikae juu ya beringi muda wote huo.

Mbona oili mpya inakuwa nyeusi upesi?

Kwa dizeli ni kawaida. Oili inashika masizi na kuyafanya yaelee ili yasigandie kwenye injini, na mabaki ya oili ya zamani yaliyobaki ndani huipaka rangi mara moja. Weusi peke yake si sababu ya kuimwaga, wala uangavu si dalili ya afya. Kusugua oili kati ya vidole nako hakupimi daraja wala TBN.

Oili inaongezeka kwenye kijiti. Ni kitu gani?

Zima injini usiendelee na kazi. Oili haizaliani, kuna kitu kinaingia. Ikinuka dizeli na kuwa nyepesi, shuku nozeli zinazovuja au sili ya pampu ya dizeli. Kwenye injini yenye kichujio cha masizi, dizeli ya ziada inayotumika kuchoma masizi inaweza pia kushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kama uchomaji unakatizwa mara kwa mara. Ikiwa kama maziwa, maji ya rejeta yanaingia: gasketi ya kichwa, kipozeo cha oili, au laina za silinda. Kubadilisha oili bila kuziba njia hiyo hakusaidii hata kwa siku moja, kwa sababu oili iliyochanganyika na dizeli au maji hupoteza utando unaotenganisha chuma na chuma.

Pima ukiwa umesimama mahali tambarare, dakika kadhaa baada ya kuzima. Usijaze kupita alama ya juu. Krankishafti ikiifikia oili huipiga ikatoa povu, na povu halibebi mzigo.

Naweza kuchanganya oili za kampuni mbili?

Ukiwa njiani na oili imeshuka, ndiyo, ukichagua daraja na uzito uleule. Injini kukosa oili ni hatari kubwa kuliko mchanganyiko. Usiufanye kuwa mazoea, maana mchanganyiko hauna uthibitisho wa kampuni yoyote, na kwenye injini yenye kichujio cha masizi oili moja ya majivu mengi huharibu hesabu yote.

Filta nayo ibadilishwe kila mara?

Kila mara. Filta iliyoziba hufungua valvu yake ya dharura, na oili hupita bila kuchujwa. Paka oili mpira wa filta mpya, hakikisha mpira wa zamani haukubaki umegandia, kaza kwa mkono kama maelekezo yanavyosema, washa, kisha kagua uvujaji.

Nitaongeza la filta ya hewa, ingawa halikuulizwa. Vumbi linalopenya kwenye bomba lililopasuka au klipu iliyolegea kati ya filta ya hewa na turbo hukwangua silinda na ringi kwa muda mfupi, na hakuna oili ya bei yoyote inayolizuia. Kila unapobadilisha oili, pitisha mkono kwenye bomba hilo lote.

Dawa za kuongeza kwenye oili zinasaidia?

Usitie. Oili iliyothibitishwa ina viambato vilivyopimwa kwa pamoja. Kiongezwacho juu yake hakijapimwa pamoja navyo, na kinaweza kuongeza majivu.

Kupima oili maabara kuna faida?

Kwa mwenye malori mengi au trekta kubwa, faida ni kubwa. Silikoni nyingi huashiria vumbi. Chuma, kulika kwa silinda na gia. Risasi na shaba, beringi. Sodiamu au potasiamu, maji ya rejeta. Sampuli ichukuliwe injini ikiwa moto, katikati ya mtiririko wakati wa kumwaga, kwenye chupa safi. Majibu ya mara moja yana maana ndogo. Mfululizo wa majibu ya injini ileile ndio unaoonyesha kitu kinachopanda.

Nitajuaje kama oili ni feki?

Kagua sili, namba ya bechi, ubora wa chapa, na kama kifuniko kimewahi kufunguliwa. Nembo ya duara ya API huonyesha daraja juu na uzito katikati, na wenye leseni ya nembo hiyo wanaweza kutafutwa kwenye orodha ya API katika intaneti. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti. Madumu matupu yatoboe kabla ya kuyatupa, yasije yakajazwa tena.

Pipa la oili nilihifadhi vipi?

Chini ya paa. Likilazimika kukaa nje, lilaze, vifuniko viwili vikiwa kwenye mstari mmoja wa ulalo, kushoto na kulia, oili ikivifunika kwa ndani. Pipa lililosimama hukusanya maji ya mvua juu yake. Mchana hewa ya ndani hutanuka, usiku husinyaa, na maji hunyonywa kupitia nyuzi za kifuniko hata kikiwa kimekazwa.

Oili iliyotumika ikusanywe kwenye chombo chenye mfuniko na ipelekwe kwa wanaokusanya kwa ajili ya kusafishwa upya. Usiimwage ardhini kutuliza vumbi, usiipake mbao za banda la mifugo, na ioshe mikononi mapema, kwa kuwa ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi ikigusana nayo mara kwa mara.